Mwalimu Aliyemnyamazisha Mama

Nilimchukia Mwalimu wa kwaya kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu niliyemtazama kwa makini kama yeye. Hata mume wangu simjui hivyo. Nakijua kikohozi alichokohoa kabla ya kuanzisha wimbo na kile alichokohoa akiwa anaumwa kweli. Najua kwamba siku za mazoezi alivaa viatu vya kufunga kamba, vimepigwa rangi, na Jumapili alikuja na ndala, kinyume na watu wote wa kijiji chetu cha Bungu. Ukimuuliza, alikujibu kwamba Jumapili kazi imekwisha, kinachobaki ni kuonyesha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Alilima kabichi kwenye kiteremko nyuma ya kanisa, na alilima vibaya. Wadudu walikula kabichi huku yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, akiandika noti. Mtu akipita na kumwambia, "Mwalimu, shamba lako linaisha," alijibu, "Naliona," bila kuinua kichwa.

Kinanda tulikuwa nacho, ila hakukitumia kutupa sauti ya kuanzia. Alisimama mbele yetu, akafumba macho, akakohoa kidogo, kisha akaitoa do kooni mwake. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mtu wa mzaha, alikuwa akijiiba kwenda kwenye kinanda kumpima. Wiki ya kwanza do ya Mwalimu ilikuwa ileile ya kinanda. Wiki ya pili ileile. Wiki ya tatu Mwalimu akamwambia mbele yetu sote, bila kugeuka, "Ukishamaliza kunipima mimi, kipime na hicho kinanda." Tukacheka. Yeye hakucheka. Sikumbuki kumwona akicheka kwenye mazoezi hata siku moja.

Kusifu hakukuwa kwake. Kwaya ikiimba vizuri mno alisema, "Ndivyo ulivyoandikwa." Ikiimba vibaya alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja mpaka tukatamani atutukane. Alikuwa na maneno yake kuhusu zile sauti nne, na kila mgeni aliyejiunga aliambiwa. Sauti ya kwanza ni watu wanaosikika, msiwaonee wivu. Sauti ya tatu ni wanaume wanaojipenda. Sauti ya nne ni sakafu. Sauti ya pili ndiyo wimbo wenyewe, na hakuna atakayewashukuru.

Mama yangu alikuwa sauti ya pili.

Nitafika kwa Mama. Kwanza niseme yale mengine, kwa sababu yapo, na nikiyaficha nitakuwa nimemsema mtu ambaye hakuwepo.

Mahubiri hakuyasikiliza. Mchungaji akipanda tu mimbarini, Mwalimu alitoka kwa mlango wa pembeni, akakaa kwenye ngazi za nje, akakata kucha au akatazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Akisikia "Amina" ya mwisho aliingia na kusimama mbele yetu. Meza ya Bwana hakushiriki. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kama ana tatizo la kiimani. Aliwajibu, "Mnataka mwalimu wa kwaya au mnataka mshirika? Washirika mnao wengi." Wakamwacha, maana kwaya yetu ilikuwa ikialikwa Korogwe kila mwaka, na hakuna aliyetaka kurudi kwenye zile nyimbo za kuburuzana.

Binti yake alipoolewa na Mwislamu, mkulima wa Kwaluguru kule Handeni, baraza la wazee lilimfuta binti kwenye daftari la washirika. Watu walisubiri Mwalimu aachie kwaya kwa hasira, au amkane mtoto. Yeye akapanda gari kwenda harusini, akakaa siku nne. Jumamosi yuko mbele yetu na viatu vyake vya kamba. Mmoja akathubutu kuuliza harusi ilikuwaje.

"Wanawake wa Kizigua wana sauti ya pili ya kuzaliwa nayo," akasema. "Fungueni ukurasa."

Na yule mzee wa mzaha, aliyekuwa akimpima kwenye kinanda, alipougua na kulazwa hospitalini mjini Korogwe, Mwalimu alishuka mlima akakaa naye siku tisa. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Wauguzi walisimulia kwamba alikuwa akimwinamia sikioni na kumwimbia sauti ya nne peke yake, polepole, na mgonjwa akisogeza midomo. Mzee alipofariki Mwalimu hakusema neno makaburini. Ila kwa mwaka mzima nafasi yake kwenye safu ya nyuma iliachwa wazi. Mtu akisogea kuijaza aliambiwa, "Rudi kwako."

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemchukia. Kama angekuwa mbaya wa kawaida, nadhani ningechoka mapema.

Mama alifiwa na mume mimi nikiwa na miaka saba, akatulea wanne kwa maharage na ndizi. Hakuwa msemaji. Kwenye maombi ya akina mama, zamu yake ikifika, alisema "Baba wa mbinguni" na maneno yakamwishia hapo. Aliwahi kuniambia tukipalilia, "Mimi kuomba kwa maneno sijui, mwanangu. Nikiimba ndipo namwambia yote niliyo nayo." Na kweli aliimba: akimenya ndizi, akiteka maji, akifua. Aliimba ile sauti ya pili peke yake, bila zile nyingine tatu, kwa hiyo nyimbo nyingi za kanisani nilizijua kwanza kwa upande ambao watu hawausikii. Siku nzuri nilijua ni nzuri kwa wimbo aliouchagua. Siku mbaya pia.

Akapata uvimbe shingoni. Akapasuliwa, akapona, mwili ukarudi. Sauti nayo ilirudi, lakini ikiwa na ufa katikati, na pumzi yake ikawa fupi, hivyo kila mstari aliingia nusu pigo nyuma ya wenzake. Nyumbani hatukujali. Yeye mwenyewe alijisikia akacheka, akasema, "Sasa naimba kama jogoo mgonjwa," akaendelea kuimba.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, tulikuwa tukijiandaa kwa tamasha la Korogwe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sauti ya kwanza, safu ya mbele. Mama alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Tulikuwa tukiimba wimbo aliotunga Mwalimu mwenyewe, wa mtu anayefika mto uliojaa na kuambiwa aache mizigo yake ng'ambo hii. Mwalimu akasimamisha. Akaanzisha tena, akasimamisha tena.

"Sauti ya pili peke yenu."

Wakaimba.

"Safu ya nyuma mnyamaze."

Wakaimba waliobaki. Akanyoosha kidole kwa mmoja, kisha kwa mwingine, kila aliyeonyeshwa akinyamaza, mpaka akabaki Mama peke yake. Mama hakuelewa. Alidhani anachaguliwa. Aliimba ule mstari wote hadi mwisho, uso umeinuka, na ule ufa ukasikika kanisa zima.

"Mama, kaa," Mwalimu akasema. "Sauti yako inaharibu wimbo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inakuja, anua nguo. Mama akakaa. Baada ya muda kidogo akasimama tena, akauliza, "Nikae hapa hapa, au nitoke, Mwalimu?" Lakini yeye alikwisha geukia upande wa sauti ya tatu. "Tuanze tena," akasema, akakohoa, akatoa do.

Na mimi nikaimba. Hilo ndilo lililonikaa. Watu arobaini walinyamaza, na mimi mwanawe nikiwa mmoja wao, kisha nikafungua mdomo nikaimba, tena niliimba vizuri. Niliporudi nyumbani Mama alikuwa amekwisha pika.

"Mmemaliza?" akaniuliza.

"Tumemaliza."

"Wimbo umekaa?"

Sikuweza kudanganya. "Umekaa, Mama."

"Haya," akasema, akanipakulia.

Korogwe tulikuwa wa kwanza. Mama hakuimba tena. Si kwaya tu, nyumbani pia, na shambani. Jumapili alikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa ukurasa ule ule tunaouimba, midomo imefungwa. Nyumba yetu ikawa ya kusikika sufuria tu na kuku. Mezani akawa anamwambia mdogo wangu wa mwisho aombee chakula. Siku moja nikamuuliza, "Mama, mbona wewe huombi siku hizi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Naombaje?" akasema.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho nilimwimbia kidogo kitandani, nikidhani atanifuata. Akanishika mkono akaniambia ninyamaze, ana usingizi. Tulimzika mchana wa jua kali, kwaya ikaimba ule wimbo wa mto, Mwalimu akiongoza. Sauti ya pili waliingia wote kwa pamoja, hakuna hata mmoja aliyechelewa. Nikamtazama Mwalimu alivyokuwa akipiga mapigo hewani, amefumba macho, ametulia, mtu anayefanya kazi yake, nikajiapia juu ya udongo ule kwamba nitamtoa pale anaposimama, na nitamtoa mbele za watu.

Wiki iliyofuata nilimfuata kwenye kabichi zake nikamwomba anifundishe kuandika noti.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nataka kujua."

"Utateseka."

"Niteseke."

Alinifundisha miaka sita. Siwezi kusema alinifundisha vibaya. Alinikalisha kwenye ngazi za kanisa, akaimba sauti moja na kunitaka niandike ile nyingine ambayo haipo. Alinifanya nisikilize sufuria ikichemka nimwambie inapanda au inashuka. Nilipokosea alirudia mara ishirini. Nilipopatia, alisema, "Ndivyo." Hakukuwa na siku niliyomwendea bila chuki kifuani, na hakukuwa na siku niliyorudi nyumbani bila kitu kipya nilichokuwa nikikiimba njia nzima. Vyote viwili vilikua pamoja.

Kuhusu Mungu, nilianza kupotea katika miaka hiyo. Nilipewa kuimba peke yangu kwenye wimbo wa mto. Niliimba huku nikimtazama Mwalimu usoni, nikimwombea aanguke, apooze, na watu walilia. Mama mmoja alinishika mikono nje ya kanisa akasema, "Leo Roho alikuwa nawe kabisa." Nikamshukuru. Njiani nikajiuliza: kama Roho alikuwepo, alikuwa akisikiliza nini? Na kama hakuwepo, yule mama alilizwa na nani? Na Mama yangu, ambaye hakuwa na neno la kuomba zaidi ya wimbo, kwa nini alinyimwa na hakuna malaika aliyemshika Mwalimu mkono?

Nilimuuliza Mwalimu mwenyewe, kwa kuzungusha. Tulikuwa tukitoka kijiji cha chini kufundisha, tunapanda mlima taratibu.

"Mwalimu, mtu mwenye kinyongo anaweza kuimba?"

"Anaimba vizuri zaidi. Kinyongo kinaishikilia sauti, haishuki."

"Na Mungu anapokea?"

"Mimi nafundisha noti. Hayo kamuulize Mchungaji."

Tukaendelea kupanda. Kwenye kona ya juu akasimama kupumua, mkono kiunoni. "Mimi," akasema, "naamini wimbo ukiwa unaimbwa. Naamini kabisa, mpaka naogopa. Ukiisha, kila kitu kinaondoka, nabaki hivi unavyoniona. Ndiyo maana mahubiri siyasikilizi. Yananikuta nikiwa mtupu." Akafuta jasho. "Usiwaambie wazee."

Sikuwaambia. Nilikiweka kifuani kile alichoniambia. Nilidhani kitanifaa siku moja.

Kilichonifaa ni sikio lake. Alianza kupoteza usikivu taratibu, sikio la kushoto kwanza. Do yake ilibaki palepale, lakini wengine akawa hawasikii sawasawa. Aliisimamisha sauti ya tatu ikiwa imepatia, akawarekebisha kwenda kwenye makosa. Watu wakatazamana. Hakuna aliyesema, kwa sababu ya ile hofu na ile heshima. Naye aliliona kwenye nyuso zetu, nadhani, maana alianza kunisogelea baada ya kila ubeti na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Iko sawa?"

Nami nilimjibu, "Iko sawa, Mwalimu."

Haikuwa sawa. Nilimjibu hivyo miezi minne. Nilikuwa nikisubiri kosa likomae, kwaya yote ilisikie, hata wale wa benchi la nyuma wasiojua noti. Aliniamini mimi kuliko sikio lake. Kila "iko sawa" niliyomwambia niliionja mdomoni kama asali.

Jumamosi niliyoichagua ilikuwa kabla ya tamasha, saa tisa alasiri. Kwaya ilikuwa imejaa, wazee wawili wa kanisa wamekuja kusikiliza. Alisimamisha wimbo, akageuka kwangu.

"Iko sawa?"

Nikasimama. Nilisema kwa nguvu, upande wa sikio lake zima. "Hapana, Mwalimu. Haiko sawa, na haijawa sawa tangu mwezi wa pili. Kaa. Unaharibu wimbo."

Nilimwona akiwatazama wengine, mmoja mmoja, kama alivyozoea. Safari hii alikuwa akitafuta mtu wa kukataa. Waliangalia chini. Mmoja wa wazee akasema, "Mwalimu, labda upumzike kidogo..." Akafunga daftari lake, akaliweka juu ya benchi upande wangu, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilisikia viatu vyake vya kamba kwenye changarawe mpaka vikaisha.

Nikapanda mahali pake, nikakohoa, nikatoa do.

Watu wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kusema kwamba kisasi hakikuwa na ladha. Mimi siwezi. Nilifurahi. Nilifurahi wiki nzima, nikapalilia shamba la siku tatu kwa siku moja, nikaenda kaburini kwa Mama nikamwambia yamekwisha. Tukashinda Korogwe. Mwalimu hakurudi kanisani, hata Jumapili ya ndala. Kabla ya mwaka kwisha alifunga nyumba, akahamia Kwaluguru kwa binti yake, kwenye nchi kavu isiyo na ukungu wala kabichi. Watu walisema aliondoka kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu mno na kanisa, na sikio la kulia lilikuwa bado likisikia kwaya.

Niliposikia hivyo nilifurahi tena.

Miaka minane nimeongoza kwaya ile. Nimekuwa mkali, wananiambia. Na katika miaka hiyo kitu kimoja kilinianza kama mwiba mdogo: hakujua. Alijua ametolewa, hakujua kwa ajili ya nani. Labda alidhani nilitaka cheo. Labda alidhani nilikuwa nautetea wimbo. Nilikuwa nimemlipa mtu asiyejua analipwa kwa nini.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mtu aliyetoka Handeni akaniambia Mwalimu ameanza kusahau. Anamwita mjukuu kwa jina la marehemu mkewe. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Niliogopa asahau kabla sijamwambia. Kesho yake asubuhi nilishuka Korogwe, nikapanda basi hadi Segera, pale njia panda nikabadilisha gari la kuelekea Handeni, na mwisho nikachukua bodaboda mpaka Kwaluguru. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno.

Binti yake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alinitambua. Hakunichangamkia, wala hakunifukuza. "Yuko nyuma," akasema. "Ongea upande wa kulia, karibu."

Alikuwa kwenye kiti cha kamba, kofia ya mkwewe kichwani, amekonda zaidi. Ng'ombe wa Wamasai walikuwa wakipita kando ya uzio, kengele zinalia, naye hakugeuza kichwa mpaka vumbi lilipomfikia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema karibu na sikio.

"Marahaba. Nani?"

Nikamtajia jina. Nilitegemea atatafuta akilini. Hakutafuta hata kidogo.

"Wewe ulikuwa unaniambia iko sawa," akasema. "Miezi minne. Nikikuuliza, iko sawa. Nikikuuliza, iko sawa." "Kunitoa ilikuwa haki. Sikio lilikuwa limekufa. Ungekuja siku ya kwanza ukaniambia toka, ningetoka. Lakini kunidanganya kwenye noti! Mimi nilikudanganya lini kwenye noti? Sikusamehe. Namwambia binti yangu kila siku, nikifa yule asije kuimba."

"Sikuja kuomba msamaha."

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukwambia kwa nini." Nikamwambia. Jumamosi ile, sauti ya pili, akiwanyamazisha mmoja mmoja mpaka akabaki mmoja. Nikamtajia jina la Mama. Nilisema taratibu, sentensi moja moja, kila moja nilikuwa nimeinoa miaka yote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mama yupi?" akauliza.

Nikarudia jina. Nikamwambia nyumba yetu ilipokuwa, nikamwambia tulivyomzika na yeye akaongoza.

"Simkumbuki," akasema. "Niliwatoa wengi."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa yeye kukataa, kulia au kunifukuza. Nilikaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyesukumwa. Binti yake alituangalia kutoka uani, akaendelea na mahindi.

"Aliimba nini?" Mwalimu akauliza.

"Wimbo wako. Wa mto."

"Uimbe. Hapo alipoimba yeye. Majina siyajui tena, hata nyuso."

Sijawahi kuimba ile sauti ya pili maishani mwangu. Nilikuwa sauti ya kwanza, kisha nikawa mwongozaji. Lakini nilikuwa nimeisikia jikoni na bondeni miaka yote ya utoto. Nikainama kwenye sikio lake la kulia, nikaimba ule mstari.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yangu, nilivyoiandika. Yeye aliimbaje?"

Nikavuta pumzi fupi, nikachelewa nusu pigo, nikaipasua sauti katikati kwa makusudi. Ilikuwa aibu. Ilikuwa kama kumwigiza Mama mbele ya aliyemdhalilisha. Sikufika mwisho.

Alikuwa ameinua mkono. "Huyo," akasema. "Aah, huyo. Alikuwa akiingia nyuma, lakini akiingia alikuwa hapohapo, hapandi, hashuki. Na ufa ulikuwa kwenye noti ya la, si kwenye ya sol kama ulivyofanya wewe. Hivi." Akafumba macho. Akakohoa. Na kwa sauti ya mzee, sauti nyembamba isiyo na meno, akaimba mstari ule kama Mama: kuchelewa kwake, ule ufa mahali pake hasa, na ile namna ya kushikilia noti ya mwisho kidogo kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Nilijishika mdomo.

"Ningemtoa tena," akasema alipomaliza. "Usidhani. Wimbo ule haukuwa na nafasi ya mtu anayechelewa."

"Alikuwa anaomba," nikamwambia. Nilimpigia kelele, mpaka binti yake akasimama. "Ule ndio ulikuwa uombaji wake wote! Hakuomba tena mpaka amekufa!"

Sikujua kama amesikia. Vumbi la ng'ombe lilikuwa limetulia.

"Hilo hakuniambia," akasema.

"Ulikuwa umegeuka."

Akatikisa kichwa, sijui ni kwa kukubali au kwa uzee. Hakusema samahani. Mimi nami sikusema. Nilikuwa na gari la kurudi Segera saa tisa na nusu, na sikuwa na la zaidi la kumwambia mtu yule. Nikasimama, nikakung'uta mchanga kwenye khanga. Nilikuwa bado ninamchukia, safi kabisa, kama siku ya kwanza. Na nikajua, nikiwa nimesimama hapo, kwamba wadogo zangu hawaikumbuki sauti ya Mama, hakuna aliyeirekodi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeukosea ufa wake kwa noti nzima. Mahali pekee ilipobaki sawasawa ni ndani ya kichwa kile kinachosahau.

Nikakaa tena.

"Imba," nikamwambia. Sikusema tafadhali, sikumwita Mwalimu. "Toka mwanzo wa mstari."

Akafumba macho, akakohoa, akaimba. Niliweka sikio langu karibu na mdomo wake nisipoteze kitu. Alipofika mwisho nikamwambia aanze tena.